Tembo la Mnazi Halisafiri

Mtu akistaafu huambiwa akae. Nimekaa. Nilikaa barazani hapa Tangini, Kibaha, Jumatatu nzima, nikakaa na Jumanne, na Jumatano nikachukua baiskeli nikaenda Kongowe na kurudi bila sababu ambayo ningeweza kumweleza mke wangu. Aliniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikwenda kutazama barabara.

"Umeikuta?" akauliza.

Nikamjibu nimeikuta. Akarudi jikoni akicheka, nami nikabaki nikifuta vumbi kwenye rimu.

Basi ninyi vijana wa afya mlioniomba niandike yale niliyoyapitia kazini, mmenisaidia kuliko mnavyodhani, maana nikiandika angalau miguu inatulia. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini wala mshahara wangu ulikuwa kiasi gani. Cheo hakikunibadilishia njia niliyopita, na mshahara aujuaye vizuri ni mke wangu. Nitawaeleza habari za baiskeli, vilabu vya pombe, na mgema mmoja wa upande wa Soga, Mzee Kondo, aliyenifundisha kunywa. Nasema kunywa, si kulewa. Kulewa nilijifundisha mwenyewe na nikaacha mapema, kwa sababu baiskeli haina huruma na mlevi.

Nilipangiwa Kisarawe miaka michache baada ya Uhuru, nikitokea Ugogoni na cheti cha kozi ya bwana afya mkononi na viatu vipya vinavyobana. Mkubwa wangu wa kwanza, mzee wa maneno machache, hakuniuliza hata jina la baba yangu. Alinipeleka stoo, akatoa baiskeli nyeusi yenye keria pana na kengele isiyolia, akaniegemezea kifuani. "Hii ndiyo ofisi yako," akasema. "Ile ya ndani ni yangu." Nilidhani ananitania. Kwa muda wote niliofanya kazi chini yake sikupewa kiti.

Yapo mambo ya baiskeli ambayo hayafundishwi kwenye kozi, nanyi siku hizi gari la idara likikosa mafuta mnaona kazi imekwisha. Mchanga wa njia ya Maneromango haushindwi kwa nguvu. Punguza upepo kwenye tairi, legeza mikono, uache gurudumu la mbele lijitafutie njia. Ukiukaba usukani utaanguka mbele za watu, na watu wa Kisarawe hawasahau mtu aliyeanguka mbele yao. Kwenye udongo mweusi wa bonde la Ruvu wakati wa masika, fungua madigadi mapema uyafunge kwenye keria, maana tope likijaa humo gurudumu halizunguki tena na wewe ndiye utakayeibeba baiskeli. Solusheni ya kuzibia pancha ifunge kwenye kitambaa kibichi, la sivyo jua litaikausha kabla mwiba haujakupata.

Kazi zetu zilikuwa vyoo, visima, mabucha, hoteli za chai na vilabu vya pombe. Wenzangu waligawana vyoo na mabucha wakagombania hoteli, vilabu vikabaki mezani. Wengi wao walikuwa Waislamu wa pale pale, hawakutaka shangazi zao wawaone na kata ya pombe mkononi. Mimi nilinyosha mkono kabla mkubwa hajamaliza kuuliza. Kwetu mapadri walikuwa wamepanda mizabibu, na nilipokuwa nikitumikia misa utotoni niliwahi kuyaramba matone yaliyobaki kwenye chupa ya divai. Nikapigwa, lakini tangu siku ile nilikwisha jua kwamba kinywaji kina kwao kama mtu alivyo na kwao, na nilitaka kwenda kuviona hivyo vinywaji vyote huko huko vinakozaliwa.

Mkubwa wangu alinipa onyo moja tu. Upande huu, alisema, mwenye tembo huonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hakuna kilichotiwa ndani. Usipokee kata ambayo mwenyewe hajaigusa kwa mdomo wake. Nililishika onyo hilo kama amri ya serikali, na ndivyo nilivyoaibika siku ya kwanza.

Nilifika kwa Mzee Kondo saa sita mchana nikiwa nimelowa jasho. Alikuwa mtu mfupi, kifua kipana, nyayo ngumu kwa kukwea, naye alikuwa ameketi kwenye gogo akinoa kotama, kile kisu kilichopinda cha wagema. Mkewe, Bi Tatu, alikuwa akipepeta mpunga. Nikaamkia, nikajitambulisha, nikaomba nionyeshwe tembo. Mzee akanyanyuka, akateka kidogo kwa kata ya kifuu, akaninyoshea.

"Onja kwanza, Mzee," nikasema kwa sauti ya ofisini.

Ungo wa Bi Tatu ukasimama hewani. Mzee Kondo akanitazama, akaitazama baiskeli, akanitazama tena.

"Bwana Afya," akasema taratibu, "hiyo sheria yako haina mwezi?"

Ilikuwa Ramadhani. Nilikuwa nimepita vijiji kadhaa asubuhi ile bila kuona moshi wa jiko hata mmoja, nikadhani watu wote wako mashambani. Nilitaka ardhi inimeze. Bi Tatu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniamuru nisiende popote mpaka jua lizame, kwa sababu mgeni aliyekuja na ujinga wake haondoki na njaa yake pia. Nilishinda pale nikiziba pancha ambayo haikuwapo. Magharibi ilipoingia wakafuturu kwa uji na mihogo ya nazi, wakaniita nami. Baada ya kuswali Mzee akateka tena, akapiga funda moja dogo mbele yangu, akanipa kata.

"Mie hunywa hili tu, la kumtoa mgeni wasiwasi," alisema. "Lingine lote la watu. Hesabu yangu na Mola naijua mwenyewe."

Nikanywa. Lilikuwa tamu, limechangamka, linatekenya pua, na harufu yake ilikuwa kama unga wa maandazi uliolala na hamira. Nilikuwa nimewahi kunywa tembo kwenye vilabu vya mjini, lililolala na kuchujwa na kuchujwa tena, na sasa nikaona kwamba nilikuwa sijawahi kulinywa. Nikaomba kata ya pili. Mzee akanipa, akasema ya tatu nitaikuta kesho kwa sababu njia ya kurudi ina miti mingi.

Nikawa mtu wa kwenda kwake kila nilipopata kisingizio, na mtu wa serikali hakosi kisingizio. Alinifundisha kazi yake kwa maneno machache. Mnazi unagemwa kwa karara, yaani ua lake likiwa bado limefungwa kwenye ganda. Mgema hulifunga kwa kamba, hukata ncha yake, hutundika kibuyu chini yake, na tembo hudondoka. Lakini kidonda kile lazima kikatwe upya asubuhi na jioni. Ukikosa mara moja kinaanza kuziba. Ukizidi kukosa, karara linakauka na msimu wako umekwisha. Kwa hiyo Mzee Kondo alipanda minazi yake kila alfajiri na kila jioni, mvua ikinyesha, mtu akioa, mtu akifa. Hakuwahi kulala mbali nayo. Mimi nilikuwa nimeshafika Mzenga, Masaki, Mlandizi na kila kijia baina yake, naye alikuwa hajafika Kisarawe mjini. Nikiwasili, swali lake la kwanza lilikuwa, "Leo umetoka wapi?" na nikimweleza alisikiliza huku mikono ikiendelea na kazi.

Ulimi nao alinifundisha. Aliniwekea vikombe bila kuniambia kitu, nitofautishe tembo la minazi ya bondeni na la minazi ya mchangani, la asubuhi na la jioni, la kiangazi na la mvua. Nilikosea sana, akawa ananicheka. Cha mwisho alinipa kikombe alichokitia maji kidogo makusudi. "Sikiliza," akasema. "Linaanza vizuri, halafu linakukimbia ulimini. Tembo lenyewe halikimbii, linakaa mpaka ulimeze." Nilisikiliza mpaka nikasikia. Hicho ndicho kipimo bora nilichowahi kupewa kazini, na hakikuhitaji kutiwa betri.

Niliwahi kujaribu kulisafirisha. Nililitia kwenye chupa, nikaikaza kizibo, nikaifunga kwenye keria ili nikamwonjeshe mkubwa wangu. Njia ile ina mashimo, na tembo likitikiswa linakasirika. Kwenye kilima cha kuingia Kisarawe kizibo kiliruka, nikalowa mgongo mzima, nikaingia ofisini nikinuka kilabu. Mkubwa alinusa, akafungua dirisha, akaendelea kuandika. Hata lisingemwagika, lingekuwa limeshabadilika: la asubuhi ni tamu, alasiri ni kali, kesho yake ni siki ya kutia kwenye achari. Tembo halimfuati mtu, wala halimngoji. Nadhani ndiyo maana lilinifaa. Mtu ambaye hawezi kutulia huhitaji kitu kinachomlazimisha aondoke, na mimi nilikuwa na kinywaji ambacho lazima nikiendee mwenyewe, mapema, kwa pedeli.

Divai ni kinyume chake. Baadaye, kwetu walipoanza kutengeneza divai ya kuuza, kaka yangu alinitumia chupa moja kwa treni, nami nikampelekea Mzee Kondo, si anywe, anuse tu. Akanusa muda mrefu. Akatia ncha ya ulimi, akatema pembeni.

"Hii maiti," akasema, "ila wameiosha vizuri."

Nilibishana naye jioni ile mpaka Bi Tatu akatufukuza barazani. Nilimwambia divai imesafiri mamia ya maili ikafika ikiwa ile ile, na hiyo ni heshima kubwa kwa kinywaji. Akanijibu kwamba hata jiwe linaweza kusafiri hivyo. Mpaka leo napenda vyote viwili, na mpaka leo sijapata jibu la kumrudishia.

Kisha ikaja operesheni ya vijiji. Sitasema haikuwa na maana, maana mimi nilijua ilivyo kazi kufikisha chanjo kwenye nyumba moja hapa na nyingine kule, na kisima kimoja kizuri kinahitaji watu wa kukitumia. Lakini watu walipandishwa kwenye malori na vitanda vyao, na mnazi haupandi lori. Mzee Kondo na Bi Tatu wakapewa kiwanja kijiji kipya kando ya barabara, na minazi ikabaki kule mahameni, walikohama, ng'ambo ya bonde. Kwa kijana ni mwendo. Kwa mtu wa umri wake, kwenda na kurudi alfajiri, tena kwenda na kurudi jioni, ilikuwa ni kumla miguu.

Kamati ya kijiji ikafungua kilabu kiwe mradi wa wote. Nilikuwapo kwenye mkutano. Mwenyekiti alikuwa mtu mchangamfu, mkweli, mwenye hamu kubwa ya maendeleo, na sina neno baya juu yake isipokuwa hili. Alisema pamba ina malengo, korosho ina malengo, kwa hiyo hakuna sababu tembo lisiwe na malengo: kila mgema alete debe moja kila asubuhi. Watu wakapiga makofi. Mzee Kondo naye alipiga, kwa sababu kila mtu alikuwa akipiga. Nilitaka kusimama niseme kwamba karara halihudhurii mikutano, lakini mimi nilikuwa mgeni mwalikwa na chakula kilikuwa kinapakuliwa.

Muda si mrefu nikahamishiwa Kibaha, mkoa ulipokuwa ukijipanga huku. Nilipewa njia nyingine, na kwa Mzee Kondo nikawa nafika mara chache. Niliona amekonda. Niliona pia kwamba tembo la kilabu kile ni jepesi, lakini nilikuwa nikilinywa mchana, limelala, pamoja na la wagema wengine kwenye pipa moja, nikasema ni msimu.

Ndipo kipindupindu kikaingia. Wale mliokiona mnajua. Wale ambao hamjakiona msitamani. Nililala na viatu miguuni wiki hizo, na nilipanda baiskeli mpaka tandiko likanichubua. Amri iliyotoka kwa wakubwa kuhusu vilabu ilikuwa fupi: kilabu kinachouza pombe iliyotiwa maji mabichi kifungwe hapo hapo, kisichotia kiachwe chini ya uangalizi. Mwenye kuamua ni bwana afya wa eneo. Katika kijiji kipya watu wanne walikuwa wameshaugua, na maji ya kijiji yalikuwa ya lambo, ambalo ng'ombe na watu walilitumia kwa usawa. Nikatumwa huko.

Niende moja kwa moja kwenye jambo lenyewe. Kama tembo lilikuwa safi, kilabu kingebaki, na Mzee Kondo angebaki na kazi pekee aliyoijua. Kama lilikuwa na maji, basi watu walikuwa wakiuziwa ugonjwa kwa kata, na mtu wa kulizuia nilikuwa mimi. Niliomba njia nzima liwe safi. Niliomba kwa sauti, na waliopishana nami njiani nadhani walisema Bwana Afya naye ameshapata homa.

Sikwenda kilabuni. Nilikwenda kwanza nyumbani kwake asubuhi, kabla debe halijapelekwa, nilikute tembo lake peke yake. Alikuwa uani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Leo umetoka wapi?"

"Kibaha. Nimekuja kuonja."

Alisimama kidogo. Kisha akafunua debe, akateka, akaninyoshea kata. Niliipokea. Ilikuwa imejaa mpaka mdomoni, na povu halikuwa limeguswa.

Hakuwa ameonja.

Miaka yote ile, hata siku alipokuwa na jino bovu, hata siku alipofiwa na kaka yake, hajawahi kunipa kata bila funda lile dogo. Nilisubiri. Kuku walikuwa wakiparuza, Bi Tatu alikuwa ndani akikohoa moshi, nami nimeishika kata kama mtu aliyepewa mtoto mchanga na hajui amshikeje. Nikaanza kuinyanyua polepole ili tu anizuie.

"Usinywe, mwanangu," akasema.

"Kuna maji?"

"Ya lambo."

"Tangu lini?"

"Tangu miguu ilipokataa ile safari ya jioni. Naenda asubuhi tu. Makarara yanaziba, napata nusu debe, siku nyingine sipati hata hiyo. Wao wanataka debe." Akafuta uso kwa kiganja. "Nimewaambia kamati. Wakasema niongeze juhudi."

Najua msemo mnaoufikiria hivi sasa, ule unaosemwa juu ya wagema na sifa. Unamsingizia. Hakuna aliyemsifu mtu yule tangu aondoke kule mahameni.

"Mimi umenizuia nisinywe," nikamwambia. "Na hao wanaougua?"

Swali lile nililiuliza kwa hasira, na nilikuwa nampenda. Mzee Kondo hakunitazama.

"Wao hunywa kilabuni," alisema. "Sipo wanapokunywa. Nilikuwa najiambia hivyo."

Nililimwaga debe lile nyuma ya nyumba. Kisha nikaenda kilabuni, nikamwaga pipa zima mbele ya watu, nikabandika karatasi mlangoni. Mwenyekiti alinijia mbio.

"Bwana Afya, unafunga mradi wa kijiji?"

"Nafunga lambo, Mwenyekiti. Limehamia kwenye pipa lako."

Sikutaja jina la mtu. Nilimweleza habari za malengo ya debe na makarara yanavyoziba, akasikiliza, akakaa juu ya pipa tupu. "Mbona hakuna aliyesema?" akauliza. Nikamwambia wamesema. Baadaye alisimamia uchimbaji wa kisima kwa mikono yake mwenyewe, na kisima hicho kipo.

Jioni ile nilimpakia Mzee Kondo kwenye keria tukaenda mahameni kushusha vibuyu. Alipanda mnazi mmoja mmoja, taratibu, akashusha, akaacha makarara yake bila kuyafunga. Alipomaliza alikaa chini akiwa anahema.

"Mnazi ukiachwa kugemwa utazaa nazi," akasema. "Mie nikiachwa kugema nizae nini?"

 Nilitaka kuondoka, ndiyo tabia yangu, nikisikia uchungu miguu inatafuta pedeli. Lakini yeye ndiye alikuwa abiria wangu, ikabidi nikae mpaka atosheke kukaa.

Waliougua walipona, isipokuwa bibi kizee mmoja. Hakuna aliyejua ni maji gani yaliyomwua, ya mtungini au ya pipani. Kwenye mazishi Mzee Kondo alisimama nyuma kabisa, na watu walipotawanyika yeye alibaki amesimama. Tangu siku hiyo nilikuwa na hofu juu yake. Nilidhani nimemkata mtu kwenye shina. Nikiwa Mlandizi nilimfikiria, nikiwa Kisarawe nilimfikiria, na kila nilipofika ofisini niliuliza kama amri ya vilabu imelegezwa.

Ililegezwa baada ya miezi mingi. Nilipoipata habari sikungoja kupambazuke vizuri. Nilipiga pedeli kutoka Kibaha nikiwa na furaha ya kitoto, na nakiri haikuwa yote kwa ajili yake: nilikuwa nimeshaanza kuisikia ladha ya tembo la alfajiri ulimini. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Ningemwombea kamati imruhusu aweke kibanda kule kule mahameni, Mwenyekiti alikuwa ameshanikubalia kwa mdomo. Nilifika jua likiwa limechomoza, nikamkuta amevaa kanzu safi, anafunga mzigo kwa kamba.

"Mzee! Vilabu vimefunguliwa. Umeruhusiwa kugema, na kibanda cha mahameni utapata."

"Alhamdulillahi," akasema, akakaza fundo.

"Hukunisikia?"

"Nimekusikia. Baiskeli yako ina upepo?"

Alikuwa anakwenda Tanga. Binti yao, Mwajuma, aliolewa huko zamani, na Mzee Kondo hakuwahi kupaona. Bi Tatu alikuwa ametangulia wiki kadhaa nyuma kumlea binti aliyejifungua, na sasa yeye alikuwa anafuata. Alikuwa amejiandaa kutembea mpaka stesheni ya Soga. Nikaufunga mzigo kwenye usukani, yeye akapanda keria.

Njia ilipita kando ya mahame. Minazi yake ilikuwa imeshika vidaka vya nazi, vingi, vimebanana chini ya makuti. Nikapunguza mwendo nikidhani atataka kushuka.

"Twende," akasema mgongoni kwangu. "Treni haina adabu."

"Huitazami hata kidogo?"

"Nimeitazama miaka mingapi? Bwana Afya, unajua sasa nalala mpaka jua linichome uso? Siku za mwanzo niliona haya, nikajifanya mgonjwa ili Bi Tatu asinicheke. Halafu nikazoea. Miti ile ilikuwa inaniamsha kila siku ya Mungu, nikadhani mie ndiye ninayeifuga." Akacheka kidogo. "Kumbe nimefugwa mie."

"Ni kwa sababu ya yule bibi?" nikauliza, kwa kuwa nilikuwa simwoni uso.

Akanishika kiuno mpaka tukavuka mfereji.

"Na yeye yumo," alisema. "Naye nasafiri naye."

Stesheni tulikuta watu wachache na mbuzi. Nilimkatia tiketi, nikamweleza kwamba atabadilisha treni Ruvu, nikamrudia maelezo mpaka akanikataza. Treni ilipoonekana kwa mbali nilishindwa kujizuia, nikasema jambo ambalo sikuwa nimepanga kulisema.

"Nami nitakunywa wapi sasa, Mzee?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyepotelewa na kiatu.

"Kunywa maji," akasema. "Yachemshe kwanza."

Akapanda. Nikampa mzigo kupitia dirishani, akaupakata, akakaa wima, mikono juu ya fundo, kama watu wanavyokaa wakisubiri kuanza kwa mkutano. Nilimwuliza atarudi lini. Akafikiri kidogo. Nadhani lilikuwa swali ambalo hajawahi kuulizwa maishani, na alilifurahia.

"Sijui," akasema. "Hakuna mnazi unaoningoja."

Alisema hivyo akicheka, na kilichoniuma ni kwamba alikuwa anacheka kweli. Treni ikamchukua. Wenye mbuzi wakaondoka na mbuzi wao, mkuu wa stesheni akarudi ndani, nami nikabaki pale nimeshika baiskeli, mimi niliyezoea kuwa ndiye anayeaga, na kwa mara ya kwanza tangu nikabidhiwe ofisi ile nyeusi ya magurudumu mawili sikujua niielekeze wapi.